Jicho la Simbilisi, Tumbo la Ngamiani

Mwaka 2001 nilikuja likizo Tanga kutoka masomoni, na shangazi yangu wa Barabara ya 12, Ngamiani, akaniuliza jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa ukilinong'ona. "Hebu niambie, mwanangu. Huko kwenye baridi hasa unafanya kazi gani?" Nikamwambia kweli tupu: nachukua vijidudu vya kuhara damu, namdondoshea simbilisi jichoni, halafu nakaa siku mbili tatu nikingoja nione kama jicho litavimba.

Shangazi alikuwa akisuka ukili. Akauweka chini.

"Kuhara damu," akasema taratibu. "Jichoni."

Nilianza kujieleza, akanikatiza, akaniambia nikale, chakula kinapoa. Ilikuwa bada na kisamvu, na nilikula kwa aibu kidogo, kama mtoto aliyekamatwa na kitu mkononi. Maneno yale mawili nimetembea nayo mpaka nimestaafu. Nimekaa mbele ya maprofesa wenye majina makubwa, nimeulizwa maswali ya kila namna, na sidhani kama kuna aliyeligusa donda la kazi yangu kwa haraka kama alivyoligusa yeye, mwanamke aliyeishia madrasa na darasa la nne.

Acha niwaeleze ninyi nilichoshindwa kumweleza yeye. Vijidudu vile vinaitwa Shigella, kwa jina la Kiyoshi Shiga, Mjapani aliyevigundua mwaka 1897. Shiga hakukaa sana. Alitengeneza chanjo ya vijidudu vilivyouawa na kuijaribu kwenye mwili wake mwenyewe, ikamuumiza. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado hakuna chanjo ya kuhara damu iliyoingia kwenye ratiba ya watoto wetu kliniki. Shida mojawapo ni kwamba Shigella ni ugonjwa wa binadamu na jamaa zake nyani. Ukimlisha panya wa maabara, anakutazama tu, anaendelea kula. Binadamu vinamtosha vijidudu 10 mpaka 100, yaani hata kidole kisichonawa vizuri kinaweza kuvibeba. Panya hata umpe kijiko kizima haugui kama sisi. Kwa hiyo tangu miaka ya 1950 watafiti walikuwa wakitumia jicho la simbilisi, kipimo kinachobeba jina la Sereny aliyekibuni. Kijidudu kikali hupenya kwenye ngozi laini ya jicho, likavimba na kutoa usaha. Kilichodhoofishwa vizuri hakifanyi hivyo. Jicho likibaki safi, unaandika kwenye daftari kwamba umepiga hatua.

Tatizo ni kwamba jicho ni jicho. Halina tindikali ya tumboni. Halina mabilioni ya vijidudu wenyeji wanaogombea nafasi. Halijawahi kunywa maji ya kisima cha Ngamiani.

Mimi nimeyanywa. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za mtaa ule: vyumba sita, ukumbi katikati, uani kisima, na hatua kumi kutoka kisimani, choo cha shimo. Zile hatua kumi nilizihesabu nikiwa mtu mzima mwenye cheti mkononi, utotoni hazikunishughulisha. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 10, na kipindupindu kilichokuwa kimeanza kusambaa nchini mwaka uliotangulia kikabisha hodi kwetu. Mpangaji wetu wa chumba cha mbele, fundi baiskeli, alianza kuhara alfajiri. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Kilichomtoka hakikuwa choo tena, kilikuwa maji ya kuoshea mchele. Walimpakia kwenye baiskeli ya mteja, mmoja akisukuma, mwingine akimshikilia mgongo, wakaelekea hospitali. Hakurudi.

Watu wa mtaani kifo walikizoea. Kilichowauma ni kwamba hawakumwosha wala hawakuruhusiwa kukaa matanga. Bwana afya alikuja na klorini akaimwaga kisimani. Maji yakanuka wiki nzima, na usiku nikawaona watu wazima, mama yangu akiwemo, wakienda na ndoo kwa jirani ambaye kisima chake hakikutiwa dawa kwa sababu siku ile alifunga mlango. Nimesoma makala nyingi kuhusu "mwitikio wa jamii kwa hatua za kinga." Hiyo ndoo ya usiku ilinifunza zaidi.

Ugonjwa wenyewe si mgeni wa juzi katika pwani hii. James Christie, daktari aliyekuwa akiishi Zanzibar, aliufuatilia mlipuko wa 1869 na 1870 na kuona kwamba uliteremka na misafara kutoka Umasaini hadi Pangani, kisha ukavuka bahari. Pangani hii hii tunayokwenda Jumapili kula samaki.

Mlipuko mkubwa uliofuata maishani mwangu ulinikuta upande wa pili wa meza. Mwaka 1997 wagonjwa zaidi ya 40,000 waliandikishwa nchini, nami nilikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya mkoa, kijana, mwenye koti jeupe na majivuno. Kazi yangu ilikuwa kupokea vijiti vya pamba vilivyochovywa kwenye choo cha wagonjwa, kuvitumbukiza kwenye maji ya peptoni, chakula cha vijidudu, kisha kupaka kwenye sahani za kuoteshea za rangi ya kijani. Kesho yake vijidudu vya kipindupindu huwa vimeota vikundi vya njano, bapa, vinavyong'aa. Wa kwanza niliowaona chini ya hadubini, wakiwa hai kwenye tone la maji, walikuwa wakikata mbio kama vimondo usiku. Nilimwita kila aliyepita aje aone. Muuguzi mmoja aliinama, akatazama, akaniambia, "Wazuri. Sasa njoo unisaidie kushika dripu."

Nilikwenda. Kule kambini, kwenye vitanda vya turubai vilivyotobolewa tundu katikati na ndoo chini yake, niliona jambo ambalo chuoni lilikuwa mstari mmoja tu wa daftari. Mgonjwa mahututi wa kipindupindu asipotibiwa, nusu yao hufa. Akipata maji ya kutosha, ya mshipani au ya kunywa yenye chumvi na sukari, hufa chini ya mmoja kati ya 100. Majibu yangu ya maabara yalikuwa yakitoka kesho yake, wakati mgonjwa ama ameshaomba uji ama ameshazikwa. Kwa hiyo mimi nilikuwa simsaidii yeye. Pengine nilikuwa namsaidia jirani yake. Ndipo nikaanza kufikiria chanjo, na nikiri kwamba haikuwa kwa huruma peke yake. Nilichoka kufika nyuma ya ugonjwa.

Nikapata ufadhili, nikaenda kusoma Ulaya ya kaskazini, nikaangukia kwa simbilisi.

Chanjo hai ya kunywa ni kazi ya kupima ukali kama mpishi wa pilipili. Unachukua kijidudu chenyewe, unakiondolea jeni hii na ile, ili kiweze kuingia utumboni, kikae kidogo, mwili ukione na kujifunza sura yake, kisha kiondoke bila kumwumiza mtu. Ukikiacha na nguvu nyingi, waliojitolea wanapata homa na kuharisha. Ukikidhoofisha kupita kiasi, kinapita kama maji kwenye mfereji, mwili haujui hata kama kulikuwa na mgeni. Uwazi kati ya hayo mawili ni mwembamba mno kwa Shigella. Cha kwangu kilikuwa kizuri machoni pa simbilisi, kizuri kwenye sahani, kizuri kwenye picha za mikutano. Tulipojaribu kukikausha ili kiweze kusafirishwa kikiwa unga, kikawa kinakufa. Tukabadilisha sukari ya kukihifadhi, kikaishi lakini kikawa dhaifu zaidi. Fedha zikaisha. Asubuhi moja nilipanga chupa za miaka sita kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nikabonyeza kitufe, nikaenda kunywa kahawa. Ziliivishwa kwa nyuzi 121, dakika 20, kama taka nyingine yoyote ya maabara.

Nilidhani hiyo ndiyo hasara. Hasara yenyewe nilikuwa sijaiona bado, na niliikuta kwenye makala za watu wengine.

Kulikuwa na chanjo hai ya kipindupindu iliyotengenezwa Marekani, katika jimbo la Maryland, iitwayo CVD 103-HgR. Dozi moja tu ya kunywa, na Wamarekani waliojitolea kunywa vijidudu vya kipindupindu baada ya chanjo hiyo walikingwa vizuri sana. Ilipopelekwa Indonesia, ilibidi dozi iongezwe mara 10 ili watoto waonyeshe kingamwili, zile silaha za mwili za kupambana na kijidudu. Na ilipofanyiwa utafiti mkubwa Jakarta katika miaka ya 1990, kwa watu zaidi ya 67,000, haikuonyesha kinga ya maana. Chanjo ileile. Kisha ikaja habari ya SC602, chanjo hai ya Shigella, ndugu kabisa wa ile yangu. Kwa Wamarekani dozi ndogo iliamsha kinga hadi wengine wakaugua kidogo. Kwa watoto wa Bangladesh, dozi kubwa mara 100 zaidi ilipita kimya.

Nilisoma makala ile usiku, nikarudia. Nikamkumbuka shangazi. Jichoni?

Kwa nini tumbo la Matlab, Bangladesh, au la Ngamiani likatae kufundishwa na kitu kinachomfundisha mtu wa Baltimore, Marekani? Majibu yapo kadhaa na yote yana ukweli wake. Mtoto anayenyonya mama aliyewahi kuugua mara nyingi hunywa kingamwili kwenye maziwa, na kingamwili hizo huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Utumbo uliojaa vijidudu wengine hauna nafasi ya mgeni. Na utumbo ulioshambuliwa tangu utotoni hubadilika umbo: vile vinyweleo vyake vidogo vya kufyonza chakula hufupika na kuwa butu, na unakaa katika uvimbe mdogo wa kudumu ambao mtoto haumwi nao wala hapimiki nao, ila hakui vizuri. Mimi hulifananisha na mlinzi wa geti ambaye amepigiwa kelele maisha yake yote. Hamshtuki mtu tena. Chanjo hai iliyodhoofishwa humpitia akiwa amekaa kwenye kiti chake, hata kichwa hainui.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile nilikuwa nikitengeneza chanjo ya tumbo nisilolijua, nikiwa nimezaliwa nalo.

Nilirudi nyumbani. Mwaka 2009 nikapata kazi ya mkono katika kampeni ya chanjo ya kipindupindu Zanzibar, Unguja na Pemba, iliyolenga watu wapatao 50,000 kwenye shehia zilizokuwa zikipigwa kila msimu. Chanjo ilikuwa Dukoral, iliyotokana na kazi ya Jan Holmgren na wenzake huko Gothenburg, Sweden. Haina kijidudu hai. Ni vijidudu vilivyouawa pamoja na kipande cha sumu ya kipindupindu kisichodhuru, na kipande hicho ndicho nilichokuwa nikikiheshimu kama lulu. Lakini lulu ile haivumilii tindikali ya tumbo, kwa hiyo lazima kwanza ukoroge unga wa magadi kwenye kikombe cha maji safi, uchanganye chanjo, umpe mtu anywe, halafu arudi tena baada ya majuma kadhaa kwa dozi ya pili.

Kwenye makala, hiyo ni sentensi moja. Kwenye baraza ya msikiti wa kijiji cha Unguja ni vikombe, ni mapipa ya maji safi yaliyobebwa kwa gari kupelekwa mahali ambapo tatizo lenyewe ni kukosa maji safi, ni visanduku vya barafu, ni foleni juani, ni mtoto anayetema. Unga ule una ladha ya rasiberi, tunda ambalo hakuna mtu kwenye foleni aliyewahi kuliona. Mzee mmoja alinusa kikombe, akanitazama juu ya miwani. "Hili kombe la serikali," akauliza, "limeandikwa aya gani?" Watu wakacheka, naye akanywa lote, akajipangusa, akasema bora la sheikh, lina zafarani. Tangu siku ile, kwenye kituo chetu, chanjo iliitwa kombe. Nilijaribu mwanzoni kuwasahihisha watu. Sheha akanivuta pembeni: "Bibie, wakiita kombe wanakuja. Wewe unataka nini, jina au watu?"

Matokeo yalipochapishwa miaka mitatu baadaye, kinga kwa waliokunywa dozi mbili ilikuwa asilimia 79, na hata ambao hawakunywa walinufaika pale majirani zao wengi walipokunywa. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kusema. Lakini namba iliyonikaa ni nyingine: kati ya waliolengwa, kama nusu tu ndio walimaliza dozi zote mbili. Wengine walikuwa baharini, wengine karafuuni, wengine walishaona dozi moja inatosha. Na wanawake wajawazito hawakutakiwa kupewa, ila wapo waliokunywa kabla hawajajijua. Walifuatiliwa baadaye na haikuonekana kwamba chanjo iliwadhuru wao au mimba zao. Nakumbuka wasiwasi wa mama mmoja aliyenijia kituoni majuma baadaye na kuniuliza kwa sauti ya chini sana. Sikulala vizuri siku ile.

Wakati huo huo, India, ilikuwa imepata kibali chanjo iliyotokana na kazi ya Wavietnamu. Wao walichukua wazo la Sweden wakaliondolea ile lulu. Vijidudu vilivyouawa tu. Hakuna magadi, hakuna kikombe, hakuna rasiberi. Kichupa kidogo, mililita 1.5, unamimina mdomoni, basi. Nilipoisikia kwanza nilikasirika, nakiri. Niliona kama mtu amechukua biriani akaondoa nyama. Kisha utafiti wa Kolkata ukaonyesha kinga ya asilimia 65 kwa miaka mitano. Dukoral ilikuwa imeanza juu zaidi huko Bangladesh miaka ya 1980, asilimia 85 miezi sita ya mwanzo, ikashuka. Biriani bila nyama ilikuwa inakaa tumboni muda mrefu zaidi, na unaweza kuigawa ukiwa umesimama. Tangu 2013 ndiyo aina iliyojaza ghala la dharura la dunia. Watu wa Hanoi walifikiria kwanza foleni, halafu maabara. Mimi nilikuwa nimefikiria kinyume.

Nikaja kufanya kazi bara, huku Tanga, kwenye tafiti za watoto wanaoharisha. Hapa nikajifunza Kiswahili upya. Fomu ya kwanza ya ridhaa niliandika "chanjo ya majaribio," na mama mmoja akanirudishia karatasi: "Kwa hiyo mwatujaribu sisi?" Nikaandika "utafiti." Nikaandika "sampuli ya kinyesi," dada wa mapokezi akaniambia ukimwambia mkwe wa mtu neno hilo hutarudi nyumba ile. Ni "choo kikubwa." Na hata choo kikubwa, huwezi kukiomba mlangoni. Unakaribishwa, unaulizwa habari za kwenu, unakunywa chai, unajua mtoto anaitwa nani na wa nani, ndipo. Kuna nyumba mbili ambazo walikubali kila kitu ila choo, kwa sababu choo cha mtu kikienda mahali asipopajua, kinaweza kutumika. Sikubishana. Niliwaalika waje maabara waone kinavyoteketezwa. Nyumba moja ilikuja, bibi mwenyewe mbele, akasimama pale otoklevu mpaka king'ora kikalia.

Na pale Muheza watafiti walikuwa wamegundua jambo lililonishusha mabega. Malaria ilipopungua, vijidudu vya Salmonella visivyo vya taifodi kwenye damu za watoto waliolazwa navyo vikapungua. Malaria huvifungulia mlango vijidudu hivyo. Yaani chandarua kilikuwa kikifanya kazi ya chanjo ambayo sisi hatukuwa nayo.

Rafiki yangu mmoja, mhandisi wa maji, hupenda kunichokoza kwa mambo hayohayo. Tanga inakunywa maji ya mto Zigi yanayotoka milima ya Usambara, yanakusanywa bwawa la Mabayani, yanasafishwa. Yeye husema kila shilingi ya chanjo ni shilingi iliyoibiwa kwenye bomba. Hadithi yake ni ya Hamburg mwaka 1892, mji uliokunywa maji ya mto bila kuchujwa ukazika watu zaidi ya 8,000 kwa kipindupindu, na jirani yake Altona, mto huo huo lakini wenye machujio, ukaponea. Nami humjibu kwa mwaka uleule: Julai 1892, Paris, Waldemar Haffkine alijidunga chanjo yake ya kipindupindu, na mwaka uliofuata alikuwa India akichanja maelfu. Tumebishana hivyo miaka 15, kwa kahawa na kashata, na nusu ya hoja yake nimeshamkubalia. Bomba likifika, mimi nakaa. Lakini bomba la Hamburg halikujengwa kwa wiki mbili, na kipindupindu hakingoji zabuni.

Kuna jambo moja sitalirefusha. Taasisi moja ya nje tuliyoshirikiana nayo ilichukua sampuli zetu za miaka minne, zikapanda ndege, na makala ilipotoka, majina yetu hayakuwemo, tulishukuriwa mwishoni kama "wafanyakazi wa eneo." Wale akina mama wa chai na choo kikubwa hawakupata hata barua. Baada ya hapo sikukubali tena friji ya sampuli iwe na ufunguo mmoja.

Taifodi imenipa furaha niliyoikosa kwa Shigella, ingawa si kwa mkono wangu. Ganda la kijidudu cha taifodi lina sukari, na mtoto chini ya miaka miwili mwili wake hauitambui sukari ikiwa peke yake. John Robbins na wenzake Marekani waliifunga sukari hiyo kwenye protini. Ni kama kumpeleka mtoto mgeni madrasa akiwa ameshikwa mkono na mtu ambaye mwalimu anamjua, hapo anaandikishwa. Chanjo ya namna hii ilijaribiwa Blantyre, Malawi, kwa watoto zaidi ya 28,000, dozi moja, kinga ikawa asilimia 80. Sindano. Haikupita tumboni hata kidogo. Mimi niliyetumia nusu ya maisha kutafuta njia ya mdomo nilisoma matokeo yale nikiwa nimekaa kitako, nikacheka peke yangu ofisini.

Kipindupindu nacho kimetukumbusha kwamba kujua hakutoshi. Oktoba 2022, kwa sababu milipuko ilikuwa mingi na chanjo chache, ikaamuliwa dharura zitolewe dozi moja badala ya mbili. Mtengenezaji wa India akaacha kuitengeneza, na ghala la dunia likabaki likitegemea kiwanda kimoja Korea Kusini. Kitu kinachotengenezwa kwa vijidudu vilivyouawa, elimu ambayo kijana wa chuo anaweza kuieleza ubaoni kwa saa moja.

Juzi nilikwenda kumjulia hali shangazi. Amezeeka, lakini ukili bado unapita vidoleni. Kisima cha uani kilishafukiwa, pana mgomba. Mjukuu wa mjukuu wake alikuwa akiharisha kidogo, si damu, wamempa maji ya chumvi na sukari na zinki, anacheza.

"Ile ya jichoni," akaniuliza. "Mmeshaipata?"

"Bado, shangazi. Ila siku hizi simbilisi amepumzishwa kidogo. Kuna watu wazima wanaojitolea huko nje. Wanachanjwa, kisha wanakunywa kikombe chenye vijidudu, wanakaa wodini wakiangaliwa kama wataugua."

Ukili ukasimama.

"Wanakunywa. Kwa hiari yao?"

"Kwa hiari, na wanalipwa."

Alitazama pale penye mgomba kwa muda. "Basi waambie hao watu wako," akasema, "wamechelewa kuja. Sisi tungewapa bure."